Maandishi ya Kompyuta Ukutani: Mwananchi Ajue Nini Kabla ya Kuamini Picha ya Tangazo

Na Mwandishi Wetu

Chukulia mfano huu. Picha inaingia kwenye kundi la simu la wazazi wa mtaa mmoja. Inaonesha ukuta wa ofisi uliopigwa picha kwa upande, dirisha lenye nondo, kivuli cha mti na, katikati ya ukuta, maandishi makubwa ya rangi ya buluu: waombaji wa nafasi za mafunzo walipe ada ya usajili kabla ya siku ya Ijumaa, kwa namba ya simu iliyotajwa. Herufi za mwanzo wa mstari ni kubwa na za mwisho ni ndogo, kana kwamba zinaondoka machoni mwa msomaji pamoja na ukuta wenyewe. Hakuna anayeuliza kama maandishi hayo yapo kweli, kwa kuwa picha inaonekana kupigwa mahali fulani na mtu aliyesimama pale.

Inawezekana kabisa kwamba mtu alisimama pale, lakini akapiga picha ya ukuta mtupu. Maandishi yaliongezwa baadaye kwa programu ya kuhariri picha, yakalazwa juu ya ukuta kwa kufuata mwelekeo wake, na kazi yote haikuhitaji zaidi ya dakika chache.

Makala haya yanaeleza namna kazi hiyo inavyofanyika. Lengo si kuitia doa taaluma ya usanifu wa picha, ambayo ina matumizi mengi halali. Ofisa habari wa halmashauri hutumia mbinu hiyohiyo kuonesha jengo litakavyoonekana likishawekewa jina, na mchora mabango humwonesha mteja kazi kabla ya kununua rangi. Lengo ni kumwezesha mwananchi kufahamu picha ya aina hii inathibitisha nini, na nini haiwezi kuthibitisha.

Kwa nini herufi za mbali huonekana ndogo

Kanuni ya msingi ni rahisi. Kitu kinapokuwa mbali mara mbili zaidi na kamera, huonekana na nusu ya kimo chake katika picha. Nguzo za umeme zilizopangwa kando ya barabara zina urefu mmoja, lakini katika picha kila nguzo huonekana fupi kuliko iliyoitangulia. Kingo mbili za barabara iliyonyooka, ambazo kwa kweli haziwezi kukutana, huonekana zikisogeleana hadi kugusana kwenye upeo wa macho. Mahali hapo zinapogusana tunaweza kupaita nukta ya kutokomea.

Mafundi wa kuchora waliifahamu kanuni hii muda mrefu kabla ya kompyuta. Mwanzoni mwa karne ya 15, katika mji wa Florence nchini Italia, msanifu majengo Filippo Brunelleschi alionesha kwa majaribio namna ya kuchora jengo likaonekana kama linavyoonekana kwa jicho. Mwaka 1435 Leon Battista Alberti aliandika maelezo ya kanuni hiyo katika kitabu chake kuhusu uchoraji. Programu za leo zinafanya hesabu ileile, isipokuwa zinaimaliza kwa kufumba na kufumbua.

Jambo ambalo wengi hawalitambui ni kwamba umbali haupunguzi kimo cha herufi peke yake. Unapunguza pia upana wake na nafasi iliyopo kati ya herufi moja na nyingine. Tuchukue ukuta ambao mwisho wake wa karibu uko mita 4 mbele ya kamera, na mwisho wake wa mbali uko mita 8. Katika picha, mwisho wa mbali utakuwa na nusu ya kimo cha mwisho wa karibu. Lakini nusu ya kwanza ya ukuta huo haitachukua nusu ya upana wa picha ya ukuta. Itachukua theluthi mbili. Nusu ya pili, yenye urefu uleule kwa kipimo cha futikamba, itabanwa katika theluthi moja iliyobaki.

Hapo ndipo anayefanya kazi kwa kubahatisha huumbuka. Hupunguza kimo cha herufi kadiri mstari unavyosonga, lakini huacha nafasi kati yake zikiwa sawa. Jicho la mtazamaji huhisi kasoro hata kama yeye mwenyewe hawezi kuitaja.

Pembe nne zinatosha

Programu ya kuhariri picha haihitaji kujua kamera ilisimama wapi wala ukuta una urefu gani. Inahitaji pembe nne tu. Mhariri huandika maneno yake ndani ya umbo la mstatili, kisha huionesha programu kila pembe ya mstatili huo ielekezwe wapi katika picha. Kila pembe ina vipimo viwili, kimoja cha kwenda kando na kingine cha kwenda chini, hivyo pembe nne hutoa namba 8. Kanuni ya hisabati inayogeuza mstatili kuwa umbo lililoinama ina mambo 8 yasiyojulikana. Kwa namba hizo 8 kanuni hukamilika, na baada ya hapo programu huweza kukokotoa mahali pa kila nukta ya kila herufi, pamoja na ule mbano wa theluthi mbili na theluthi moja tuliouona hapo juu.

Kwa sababu hiyo, mtu asiyejua hisabati yoyote anaweza kupata matokeo sahihi kihisabati. Usahihi huo hautokani na ukweli wa tangazo, bali unatokana na programu.

Hatua zinazofuatwa

Programu mbili zinazotumiwa sana katika kazi hii ni Photoshop, iliyoanza kuuzwa mwaka 1990, na GIMP, iliyoanzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ambayo hupatikana bila malipo.

Katika GIMP, mhariri hufungua picha ya ukuta, kisha kwa zana ya maandishi huandika maneno yake. Maneno hayo hukaa katika tabaka lake, yaani kama yameandikwa kwenye karatasi ya nailoni iliyowekwa juu ya picha. Anayefahamu kazi huyaandika kwa ukubwa unaozidi ule unaohitajika, kwa sababu maandishi yanayopunguzwa hubaki safi, ilhali yanayokuzwa huwa na ukungu. Kisha huchagua zana iitwayo Perspective, ambayo huitwa pia kwa kubonyeza vitufe vya Shift na P kwa pamoja. Pembe nne za tabaka huonekana zikiwa na vishikio, na mhariri huvuta kila kishikio hadi mahali pake.

Mahali pake ni wapi? Hili ndilo swali linalotofautisha kazi nzuri na mbaya. Ikiwa ukutani kuna ubao mtupu, jibu ni jepesi: kila pembe ya maandishi huwekwa kwenye pembe ya ubao. Hata hivyo, ni lazima mstatili wa awali uwe na uwiano wa ubao wenyewe. Ubao wa mita 3 kwa mita 1 unahitaji mstatili wa pikseli 3,000 kwa 1,000, au uwiano unaolingana na huo. Vinginevyo herufi zitaonekana kunenepa au kukonda kuliko kawaida.

Kama hakuna ubao, mhariri hutafuta mistari ambayo kwa hakika ni ya mlalo katika jengo: ukingo wa juu wa dirisha, safu za matofali, au mstari wa msingi wa ukuta. Huirefusha mistari hiyo hadi inapokutana, na hapo hupata nukta ya kutokomea. Mstari wa juu na wa chini wa maandishi yake nayo lazima ielekee kwenye nukta hiyohiyo. Ili kupata katikati halisi ya ukuta, huchora mistari miwili ya mshazari kutoka pembe hadi pembe. Inapokatana ndipo katikati, hata kama kwa rula pangeonekana kuwa pameegemea upande mmoja.

Katika Photoshop mtiririko ni huohuo, isipokuwa maandishi ya kawaida hayakubali kuvutwa pembe kwa namna hii mpaka kwanza yageuzwe kuwa pikseli au yafungiwe ndani ya tabaka maalumu linaloitwa Smart Object. Njia ya pili hupendelewa kwa kuwa maneno yanaweza kusahihishwa baadaye bila kuanza upya. Tangu mwaka 2005 programu hiyo ina pia zana ya Vanishing Point. Mhariri huchora gridi juu ya ukuta mara moja, na kila anachobandika juu ya gridi hiyo hujilaza chenyewe kwa mwelekeo wa ukuta.

Maandishi huvikwa mwanga wa mahali

Maandishi yaliyolala vizuri bado huonekana kama stika ikiwa hayana hali ya ukuta. Ukuta halisi una mikwaruzo, vumbi, nyufa na maungio ya matofali, na rangi iliyopakwa juu yake huonesha vyote hivyo. Mhariri huchanganya tabaka la maandishi na la picha kwa namna inayoruhusu giza la ukuta kupenya ndani ya herufi, ili ufa unaopita ukutani upite pia katikati ya neno. Kivuli cha mti kinachoangukia ukuta lazima kiangukie na maandishi. Mwisho, huongeza ukungu kidogo na chembechembe, ili herufi zisiwe kali kuliko dirisha lililo jirani yake.

Kinyume cha mbinu hii hutumika kila siku bila kificho. Maneno yanayopakwa juu ya lami kumtahadharisha dereva hurefushwa makusudi. Ukisimama juu yake ni marefu kupita kiasi, lakini kwa dereva anayeyatazama kutoka mbali yanaonekana ya kawaida. Katika mechi nyingi za kimataifa za soka, matangazo yaliyo kando ya goli huonekana kwenye televisheni kama mabango yaliyosimama, kumbe ni mikeka iliyolazwa chini na kuchorwa kwa vipimo vilivyopindishwa kulingana na mahali ilipo kamera. Mwananchi aliyeona mambo hayo tayari anajua kwamba umbo la herufi katika picha linaweza kupangwa kabla.

Dalili za kutazama

Kutokana na maelezo hayo, mwananchi anayepokea picha ya tangazo anaweza kujiuliza maswali machache.

Kwanza, mistari inakwenda wapi? Chukua rula au ukingo wa karatasi, uufuatishe na ukingo wa dirisha, kisha uufuatishe na mstari wa maandishi. Kama vyote viko kwenye ukuta mmoja na kamera ni ya kawaida, vinapaswa kuelekea mahali pamoja.

Pili, je, nafasi kati ya herufi zinabanwa kadiri ukuta unavyokwenda mbali, au zimebaki sawa ilhali kimo kinapungua?

Tatu, ukuta unapita ndani ya herufi? Penye ufa, msumari au ungio la matofali, rangi halisi huonesha alama. Herufi zilizo laini kabisa juu ya ukuta wenye mikwaruzo zinatia shaka.

Nne, mwanga ni mmoja? Herufi zinazong'aa ndani ya kivuli, au zilizo kali kuliko kila kitu kilicho jirani yake, huenda hazikuwapo picha ilipopigwa.

Tano, kama tangazo ni karatasi iliyobandikwa, je, maandishi yanafuata mikunjo yake? Mbinu ya pembe nne hushughulikia uso ulionyooka tu. Karatasi iliyojikunja pembeni, huku mistari yake ikiwa imenyooka kama uzi, inahitaji maelezo.

Hesabu hiyohiyo hufanya kazi kwa kurudi nyuma. Programu za simu za kunakili nyaraka hutambua pembe nne za karatasi iliyopigwa picha kwa upande na kuinyoosha ikawa mstatili. Karatasi ya A4 ina vipimo vya milimita 210 kwa 297. Picha ya barua ikinyooshwa kwa kufuata kingo za karatasi, nembo ambayo kwa kawaida ni duara inapaswa kubaki duara. Ikionekana kama yai, kuna uwezekano kwamba iliwekwa baadaye kwa kukisia.

Mipaka ya jicho

Pamoja na hayo yote, ni muhimu kusema wazi kwamba dalili hizi zina mipaka. Zinaweza kufichua kazi ya mtu mzembe, lakini haziwezi kuisafisha kazi ya mtu makini. Anayezijua anaweza kuzikwepa zote. Picha inayopita simu hadi simu hupunguzwa ubora kila inapobanwa, na ukungu unaotokana na hilo hufunika alama za uhariri. Kwa upande mwingine, picha ya kweli iliyopigwa kwa lenzi pana inaweza kupinda mistari na kuonekana ya kutiliwa shaka bila kosa la mtu yeyote.

Kwa hiyo swali la msingi si kama picha inaonekana ya kweli. Maandishi yanayokubaliana na mwelekeo wa ukuta yanathibitisha jambo moja tu, kwamba aliyeyaweka alifuata mwelekeo wa ukuta. Hayathibitishi kwamba ofisi husika iliyaandika, wala kwamba malipo yanayotajwa ni halali. Uhalali wa tangazo la umma hautokani na mwonekano wake, bali na chanzo chake.

Wajibu wa mtoaji na wa mpokeaji

Kwa upande wa watoa taarifa, yapo mambo mawili yanayosaidia. Picha iliyotengenezwa kuonesha kitu ambacho bado hakijajengwa au kuandikwa iambatane na maneno "picha ya kielelezo" ndani ya picha yenyewe, kwa kuwa maelezo ya pembeni hupotea inaposambazwa. Aidha, tangazo lenye masharti, tarehe au malipo lisitolewe kwa picha pekee. Maandishi yake kamili yawekwe kwenye tovuti ya taasisi, ili mwananchi awe na mahali pa kulinganisha.

Kwa upande wa mpokeaji, hatua ni hizi. Tafuta tangazo hilo kwenye tovuti rasmi ya taasisi iliyotajwa. Anwani za tovuti za taasisi za Serikali ya Tanzania huishia na.go.tz. Kama halipo, piga simu kwa namba iliyoko kwenye tovuti hiyo, si kwa namba iliyoandikwa kwenye picha, kwa sababu aliyeghushi tangazo ndiye atakayepokea simu yake mwenyewe. Kama unaishi karibu na ofisi inayooneshwa, nenda ukatazame ukuta.

Kuhusu fedha, tahadhari iwe kubwa zaidi. Malipo kwa taasisi za umma hufanyika kwa namba ya kumbukumbu ya malipo inayotolewa kupitia mfumo wa malipo ya Serikali, GePG. Tangazo linalotaka fedha zitumwe kwenye namba ya simu ya mtu binafsi lipewe shaka mara moja, hata kama herufi zake zimelala ukutani bila kasoro. Ujumbe wa kitapeli unaopokelewa kwa simu, pamoja na namba iliyoutuma, unaweza kuripotiwa kwa kutuma kwenda 15040.

Yapo pia makatazo ya kisheria. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinamhusu mtu anayechapisha kwenye mfumo wa kompyuta taarifa iliyo katika picha, maandishi, alama au namna nyingine yoyote, huku akijua kuwa ni ya uongo au ya kupotosha, na akiwa na nia ya kuudanganya umma. Adhabu iliyowekwa na kifungu hicho ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote kwa pamoja. Ni vyema ieleweke kwamba kosa halimo katika kujua kutumia programu, wala katika kulaza maandishi juu ya ukuta. Kosa limo katika kudanganya kwa makusudi.

Kijana anayejifunza leo kuvuta pembe nne za neno hadi likae sawasawa juu ya ukuta anajifunza kazi yenye soko, kuanzia kwenye mabango ya biashara hadi kwenye vifungashio vya bidhaa. Ujuzi huohuo humpa uwezo wa kutambua mahali neno lilipoongezwa. Na mzazi katika kundi lile la mtaa, kabla ya kutuma fedha kabla ya Ijumaa, hahitaji hata programu hiyo. Anahitaji kuuliza swali moja tu: tangazo hili, mbali na picha hii, liko wapi?